UZI: Bibi alipoteza usemi wote ila ukimwanzishia wimbo anaitikia. Tuongee muziki na afya zetu huku kusini

Mjukuu wa Nyakanga

Habari za jioni wanajamvi, shikamooni wakubwa wote. Uzi utakuwa mrefu nivumilieni, jambo lenyewe limenikaa kifuani muda sasa na kila nikishika simu niandike naahirisha.

Mi ni wa Newala ila naishi hapa Mtwara mjini, Chikongola. Bibi yangu mzaa mama alikua nyakanga. Kwa wasiojua, nyakanga ndo mkuu wa makungwi kwenye unyago, yeye ndo anawasimamia wenzie kuwafunda wali, yani wasichana wanaochezwa, na kazi yake kubwa ni nyimbo maana kule mwali haandikiwi ubaoni, anaimbiwa. Usafi, hedhi, ndoa, namna ya kukaa na wakubwa, vyote viko kwenye nyimbo na nyimbo zenyewe bibi alikua nazo mamia, yani we taja jambo tu yeye anakutolea wimbo wake.

2021 mwezi wa nane, alfajiri, katoka nje kukoka moto akaanguka. Mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia tu. Majirani wakasema ni upepo mbaya umempitia, ikatafutwa dawa ya kufukiza, ikapoteza masaa, mpaka tunamfikisha hospitali ni mchana. Tukaambiwa kiharusi. Alipona kufa, ila usemi ulienda wote akabaki na neno moja, "haya". Ukimuuliza bibi una njaa, haya. Unaumwa wapi, haya. Anataka kukojoa, haya haya haya, uku machozi yanamtoka kwa sababu yeye anajua anachotaka kusema na anajua hakitoki. Mwanamke ambae alikua anasimama mbele ya wanawake mia na sauti yake inafika mpaka barabarani.

Siku ya kumi hivi, saa kumi jioni muda wa kuona wagonjwa, mama mkubwa alikua anampangusa miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na bila kufikiria akawa anauimba chini chini wimbo mmoja wa unyago. Ule wimbo una sehemu mmoja anauliza na wote wanajibu. Mama mkubwa akafika pale pa kuuliza akanyamaza kuvuta pumzi. Bibi akajibu. Maneno yote, yamenyooka, sauti imekwaruza lakini maneno yote yapo!

Wajomba zangu wawili walikua wamesimama pembeni ya kitanda wametoka shamba moja kwa moja, salfa ya mikorosho bado imewaganda nguoni. Walitazamana, wakageuka wakatoka nje ya wodi bila kusema kitu, kwa sababu ule wimbo wanaume hawausikilizi. Na maneno yake ata mimi siwezi kuyaandika humu, wanaoyajua wanayajua. Mama mkubwa akawa analia uku anaimba, na bibi anaitikia tu, anaitikia tu, mkono wake wa kushoto unagonga godoro.

Alafu akaja mhudumu akatuambia hapa wodini sio ngomani tunyamaze. Tukanyamaza. Jina la hospitali silitaji na yule dada wala simlaumu sana, wodi ilikua imejaa na wagonjwa wengine wanataka kulala. Ila kile kitu kiliniuma miaka yote hii maana pale ndo ilikua mara ya kwanza tangu aanguke bibi anaongea na mtu.

Tulipomrudisha nyumbani binamu yangu ambae amesomea uuguzi akatueleza tufanye hivi: tuchukue melodi anayoijua, tuiimbe taratibu sana, badala ya maneno ya wimbo tuweke maneno anayoyahitaji, "na-ta-ka ma-ji", "na-u-mwa ha-pa", na kila silabi tumshike mkono wa kushoto tuugonge kitandani. Kila siku asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo hakuna kitu. Mwezi wa tatu akaomba maji kwa kuimba. Mpaka anafariki 2023 alikua na maneno kama ishirini ya kutumia, mengine anayaimba mengine anayasema kawaida. Hakurudi kuwa yule wa zamani nisiwadanganye. Ila alijua kuomba maji, na alituita majina wajukuu wanne.

Sasa kitu kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Kuna ndugu yetu mmoja alikua amezirekodi zile nyimbo kwenye simu miaka ya nyuma, kwaiyo tukasema vizuri, tukiwa shamba tumwachie simu ijiimbe. Bibi alikua anasikiliza, anatulia, lakini haitikii. Ata mara moja. Wimbo uleule, sauti ileile ya dada yake, kimya. Akija mtu mwenyewe akakaa mbele yake akaanzisha, anajibu. Nimelifikiria hili mpaka nimeona kama tumelisahau jambo. Watu wakisikia muziki na afya wanafikiria kuvaa vitu masikioni ukapumzika. Mi naona nguvu ipo kwenye kuitikia. Wazee wetu hawakuacha nafasi ya kiitikio kwa bahati mbaya.

Naomba mlionao uzoefu mseme, na walio kwenye sekta ya afya watusaidie.

Mtoto wa Mikindani

Pole sana dada na Mungu amrehemu bibi. Hapo kwa wajomba kutoka nje nimesimamisha kazi nikasoma mara mbili. Ndo heshima zetu hizo, ata kwenye ugonjwa.

Msema Kweli wa Masasi

Dada pole kwa msiba, nakuheshimu, lakini niulize swali la dhati sio kukukatisha tamaa. Huku kwetu watu wanakufa kwa kucheleweshwa hospitali, umesema mwenyewe mlipoteza masaa kwa kufukiza. Sasa tukianza kusema nyimbo zinatibu si tunawapa watu sababu nyingine ya kukaa na mgonjwa nyumbani? Naomba ushahidi. Mi mama yangu mdogo alifia njiani kwa sababu hiyohiyo ya upepo mbaya kwaiyo jambo hili kwangu si la mchezo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Salaam wote. Mi ni muuguzi nipo mkoa huu sitasema wapi. Mkuu wa Masasi pole na umeuliza swali la maana kweli, ngoja nianze na hilo kabla ya mengine. MDOMO UKIPINDA, MKONO UKIKOSA NGUVU, USEMI UKIVURUGIKA GHAFLA, hapo hakuna wimbo hakuna kufukiza ni hospitali saa hiyohiyo. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa hospitali zenye vipimo na dawa yenyewe, inatakiwa iingie ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na ata pale ambapo haipo kuna mengi ya kufanya mapema, presha, sukari, kupima kama mgonjwa anameza vizuri asipaliwe. Kwaiyo angalieni saa mliyomwona mzima mara ya mwisho mkamwambie daktari.

Alafu nije kwa bibi. Mleta uzi ile "haya" imenikumbusha darasani. Ufaransa mwaka 1861 kulikua na daktari anaitwa Paul Broca alikua na mgonjwa ambae miaka mingi alikua anaweza kusema kitu kimoja tu, "tan", kila ukimuuliza anakujibu tan tan, mpaka wakawa wanamwita hivyohivyo Tan. Alipofariki Broca akauchunguza ubongo akakuta pameharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto, ndo mpaka leo hiyo sehemu inaitwa eneo la Broca. Kwa watu wengi utoaji wa maneno unategemea sana upande wa kushoto. Kuimba kunashika pande zote mbili, ndo maana mtu kaharibika kushoto maneno yamekatika lakini wimbo aliouzoea tangu usichana unatoka mzima. Na hilo sio geni, madaktari wameliona muda mrefu sana.

Alichowafundisha binamu yako kina jina lake na kina historia. 1973 Boston kule Marekani watatu, Albert, Sparks na Helm, waliandika kuhusu njia ya kufundisha usemi kwa melodi, sentensi fupi, sauti mbili tu ya juu na ya chini, mkono wa kushoto unagonga kila silabi, alafu pole pole unaupunguza wimbo mpaka yabaki maneno. Yule aliyekua mbunge wa Marekani Gabrielle Giffords aliyepigwa risasi ya kichwa 2011 alijifunza upya kuongea na muziki ulikua sehemu ya matibabu yake. Ila nisisitize, haimsaidii kila mgonjwa na sio haraka, na kuimba wimbo wa zamani peke yake sio sawa na kurudisha usemi. Yale maneno mapya mliyopachika, "nataka maji", ndo kazi yenyewe ilipo. Mlifanya vizuri sana.

Kingine, kusikiliza nako msikudharau kabisa. Helsinki, Finland, 2008 walichukua wagonjwa wa kiharusi wakawagawa, wengine wasikilize muziki wanaoupenda kila siku kwa miezi miwili, wengine vitabu vya kusikiliza, wengine hakuna. Waliosikiliza muziki kumbukumbu ya maneno na umakini vilirudi vizuri kuliko wenzao. Wote walikua wanapata matibabu ya kawaida mkuu wa Masasi, muziki uliongezwa juu yake.

Msema Kweli wa Masasi

Nesi asante. Kama ni juu ya matibabu na sio badala yake nimeelewa na nakubali. Hilo la kuangalia saa nimelinakili naenda kulituma kwenye grupu la ukoo.

Mhudumu Mtama

Mi niongee upande wa jamii maana bibi ameshaelezwa vizuri. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Lindi huku upande wa Mtama. Mnajua mikoa yetu hii miwili matende na mabusha yametutesa miaka na miaka, kila kingatiba ikija sisi ndo tunapita na vidonge na kile kijiti cha kupimia urefu. Shida kubwa haikua vidonge. Shida watu wanasema mi siumwi nimeze za nini, na kuna maneno yanazunguka kwamba zinaharibu uzazi. Gari la matangazo linapita, spika inalia kijiji kizima wanasikia, siku ya kumeza unakuta milango imefungwa.

Mwaka mmoja kiongozi wa kikundi cha ngoma cha kina mama pale kijijini, mama mtu mzima, akaniambia mjukuu wangu lile gari lenu linasema na haliulizwi. Tuachie sisi. Jioni wakawasha moto wakazipasha ngoma zao, watu wakajaa. Yeye anaanzisha, wenzie wanaitikia, maneno nilimpa mimi, kwamba wadudu wanaletwa na mbu wanakaa mwilini miaka hujawaona, meza ata kama huumwi. Sasa uzuri wa ngoma zetu mtu yoyote anaweza akaingia akachomeka beti lake. Akaingia mama mmoja akaimba hofu yake ya uzazi, kiongozi akamjibu papohapo kwa wimbo. Akaingia mwingine akaimba kwamba mume wake ana busha anaona aibu ata kwenda msikitini, watu wote wakaitikia, hakuna aliyecheka. Siku ya pili yake wanaume watatu walinifata kwa siri mmoja mmoja kuniuliza upasuaji unafanyika wapi. Watatu! Mi nilikua nimefanya kazi pale miaka mingi na sijawahi kufatwa na ata mmoja.

Kwaiyo dada umeandika kuitikia nimesisimka. Wimbo wenye kiitikio unampa mtu ruhusa ya kusema.

Mtoto wa Mikindani

Mhudumu umenikumbusha mwanamuziki wetu Dokta Remmy Ongala, enzi zile za mwanzo za ukimwi alivyoimba kuhusu kondomu wazi wazi wakati watu wazima wanaona aibu kulitamka hilo neno. Na Uganda yule Philly Lutaaya, 1989 akiwa mwanamuziki mkubwa kabisa akajitokeza hadharani akasema nina ukimwi, akazunguka mashuleni na makanisani anaimba na kuongea mpaka amekufa Desemba hiyohiyo 1989. Watu walikua wanajua ugonjwa upo, ila walikua hawajawahi kumwona mtu anasema mimi ninao.

Mama Mapacha Lindi

Mi sijui mambo ya kisayansi ila niseme yangu. Nilipojifungua mapacha 2020 niliingiwa na huzuni sijui ata nieleze vipi, nawaangalia watoto naona kama wa mtu mwingine, silali, naona nitawadondosha. Mume wangu alidhani nina kiburi. Nikapelekwa kwa mama mkwe, na pale kuna mawifi na mashangazi wengi, kila jioni wakati wa kuwaogesha wale watoto wanaimba, mmoja kashika huyu mwingine kashika yule, mimi nimekaa ukutani kama gogo. Siku ya kwanza ya pili sijafungua mdomo. Hakuna aliyenilazimisha, wakifika kwenye kiitikio wananiangalia tu alafu wanaendelea. Siku ya sita nikaitikia. Sijui ilikuaje. Nikaitikia na nikalia mpaka nikalala na usiku ule ndo nililala. Baadae nilienda kliniki nikapewa ushauri na nikaeleweshwa kwamba ule ni ugonjwa na unatibika. Lakini mlango ulifunguliwa pale kwenye beseni.

Mjukuu wa Nyakanga

Mama Mapacha nimesoma nikanyamaza, asante kwa kutuamini na hili. Na sio wewe peke yako. London kuna utafiti ulitoka 2018, kina mama 134 wenye hali kama yako baada ya kujifungua, wengine wakawekwa kwenye vikundi vya kuimba na watoto wao kwa wiki kumi, wengine vikundi vya kucheza na watoto, wengine huduma ya kawaida. Waliokua na hali ngumu zaidi, wale wa kuimba ndo walipata nafuu haraka kuliko huduma ya kawaida. Alafu kuna hili la Gambia ambalo mi nalipenda zaidi, kule kuna vikundi vya wanawake vinaitwa Kanyeleng, ni wanawake waliofiwa na watoto au waliokosa uzazi, wanakusanyika wanaimba na kucheza, na kwa miaka mingi wanatumika kufikisha mambo ya afya vijijini. Watafiti wakashirikiana nao kuwaimbisha wajawazito wenye msongo. Yani wanawake waliofiwa ndo wanaowashika mkono wanaosubiri kuzaa! Nikisoma hayo namwona bibi na wenzie kabisa. Tunao watu kama hao hapa hapa Newala, Tandahimba, Nanyumbu, wapo wanakaa barazani hakuna anayewauliza kitu mpaka likizo ya Desemba ikifika ndo wanatafutwa kwa ajili ya wali.

Jirani wa Ukumbi

Naomba na mimi nisikike, kwa heshima zote. Muziki huohuo mnaousifia unamuua mama yangu. Nakaa nyuma ya ukumbi wa sherehe, spika zinaanza saa mbili usiku mpaka saa tisa, vyombo vinatikisika kabatini. Mama ana presha, hawezi kulala, asubuhi kipimo kiko juu. Nimeongea mpaka nimechoka. Kwaiyo tuseme na upande huu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Jirani una haki kabisa na hili sisi tunaliona, kelele za usiku zinamnyima mtu usingizi na kumpandishia presha. Na masikio pia. WHO, yani Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 40 ya wiki, na ukipanda juu ya hapo muda salama unapungua haraka sana. Kwa kumbi na matamasha 2022 walitoa mwongozo wastani usipite desibeli 100 kwa kila dakika 15. Watoto wanachezea mbele ya spika kabisa wazazi tunaangalia, jamani tuwatoe. Ule mvumo unaousikia masikioni ukirudi nyumbani ni dalili kwamba masikio yameumizwa.

Mzee wa Vinganga

Wajukuu zangu, mimi si mwandishi wa humu, nasoma tu, leo nimemwomba kijana wangu aniandikie. Nimepiga ngoma tangu utoto, mapiko na sindimba, nataka nimjibu huyu jirani wa ukumbi. Ngoma ya ngozi ina kipimo chake yenyewe. Ukishaipiga muda inapoa, ngozi inalegea, sauti inaanza kufa, na kwenye umande wa usiku ndo haraka zaidi. Lazima usimame uisogeze motoni, majani makavu yanawaka, unaigeuza geuza unaisikiliza kwa kidole mpaka iseme. Pale wote mnapumzika, watu wanakunywa maji, mwenye kuchoka anaenda kulala, wagonjwa nao wanapata usingizi kidogo. Spika haipoi. Ndo tofauti ninayoiona mimi. Na kwenye spika mtu mmoja anapiga wote wanasikiliza, hamna anayemjibu, akitaka kujibu hasikiki.

Mjukuu wa Nyakanga

Babu shikamoo, na asante sana, na kijana aliyeandika asante. Hiyo ya ngoma kupoa sikuwahi kuifikiria kabisa ingawa nimeiona tangu mtoto.

Jirani, pole kwa mama. Nadhani tunasema kitu kimoja, muziki unaokupita juu ya kichwa usiku kucha na muziki unaokungoja ujibu ni vitu viwili tofauti.

Kijana Nanyamba

Swali, na naomba nisieleweke vibaya, mi ni mtu wa dini. Zile ngoma za mahoka (mizimu) na majini, za kwenye vilinge vya waganga, nazo mnasemaje? Maana zinaitwa matibabu.

Mjukuu wa Nyakanga

Swali zito ndugu yangu na kila mtu ana imani yake siingilii. Nitasema ninachokijua. Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa John Janzen alizunguka Afrika ya kati mpaka kusini miaka ya 80, alikuja mpaka Dar, na akaona neno hili ngoma kwenye lugha zetu nyingi za kibantu linashika vitu vyote pamoja, chombo, mchezo, na uganga. Alichokiona ni kwamba kule mgonjwa hapewi dawa akaondoka. Anaingizwa kwenye kundi, anaimba maumivu yake, wengine waliopitia hayohayo wanaitikia, na mwisho wake anakuwa mmoja wao, kesho ataitikia wa mwingine. Sasa habari ya pepo waachie wenye elimu yake. Ila mtu aliyevunjika moyo kukuta watu ishirini wanamjibu, hiyo ata kwenye kwaya unaipata, ata kwenye maulidi na matari unaipata, ata kwenye zikri pumzi zinavyopanda na kushuka pamoja. Na ugonjwa wa akili una madaktari wake na dawa zake, hapo narudia maneno ya nesi, juu yake na sio badala yake.

Msema Kweli wa Masasi

Mi nilikuja na mashaka sasa naomba niulize la kufanya. Tunaanzia wapi?

Mhudumu Mtama

Kwa upande wangu naanzia kliniki ya wajawazito. Kina mama wanakaa kwenye benchi masaa wanasubiri, kimya, kila mtu na simu yake. Mama mmoja mtu mzima anayejua nyimbo akikaa pale nusu saa tu, somo la chandarua, la dalili za hatari, la kunyonyesha, litaingia kuliko mabango yangu. Nitamwomba mganga mfawidhi ruhusa. Sio hela inahitajika hapo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na mimi wodini kwangu, muda wa kuona wagonjwa, sitamnyamazisha mtu anayemwimbia mgonjwa wake taratibu. Nitamsogezea pazia. Kwa wenye watoto njiti pia, mama akiwa amembeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi amwimbie chini chini, pole pole, wimbo wake mwenyewe. 2013 Marekani walifatilia watoto njiti 272 kwenye hospitali 11, nyimbo za kubembeleza za wazazi wenyewe zikiimbwa moja kwa moja mapigo ya moyo ya mtoto yanatulia na wazazi nao hofu inapungua.

Kaka wa Tandahimba

Wakuu nimesoma uzi wote tangu juzi sijasema kitu. Mzee wangu ana wiki ya tano tangu apate kiharusi, karuhusiwa yuko nyumbani, dawa anakunywa, mazoezi ya mguu anafanya, maneno hakuna. Yeye anasema "bado". Kila kitu bado. Ujana wake alikua anacheza ngoma ya beni. Mi nyimbo zenyewe sizijui vizuri, dada unanishauri nifanyaje?

Mjukuu wa Nyakanga

Kaka pole sana, mpe shikamoo yake mzee. Usiweke simu. Mtafute mtu wa rika lake aliyekua anacheza nae, mkalishe mbele yake waonane macho, aanzishe pole pole na afike pale pa kuitikia anyamaze. Anyamaze kweli, ata kama ni muda mrefu mnaona aibu, msimsaidie. Mkono wa kushoto uwe huru ugonge. Maneno mapya mje kuyaweka baadae, na mwambieni mtaalamu wenu wa mazoezi mnachofanya.

Kaka wa Tandahimba

Narudi na mrejesho. Nilimpata mzee mwenzie mmoja tu, wengine wametangulia. Kaja leo baada ya alasiri na bakora yake, kakaa kwenye kigoda mbele ya mzee, hawajasalimiana ata, wametazamana tu muda. Akaanza. Alipofika pale akanyamaza kama ulivyosema, mama yangu akataka kumsaidia nikamshika mkono. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili mzee kaitikia, nusu ya mstari, maneno mengine sikuyaelewa lakini yule mwenzie aliyaelewa akacheka akaendelea. Mara ya tatu kaitikia mstari wote. Ya nne akachoka akafumba macho, ila kidole cha mkono wa kushoto kilikua bado kinagonga kwenye mkeka.

Mzee mwenzie amesema kesho anakuja mapema kabla ya jua kuwa kali. Kaniambia nimtafutie na filimbi.